Jina la Mtoto wa Mwatime

Hapo zamani, kabla ninyi hamjajifunza kunikatiza hadithi, palikuwa na mwanamke aitwaye Mwatime. Mumewe, Shaame, alikuwa mkwezi wa minazi. Siku moja aliteleza juu ya mnazi, akaanguka, akafa, na Mwatime ana mimba kubwa.

Mama mkwe wake, Bi Mwakombo, akamwambia, "Usilie, mwanangu. Machozi ya mjamzito humwingia mtoto."

Mwatime hakulia. Akajifungua mtoto wa kike, eda ikaisha, na mama mkwe akamwambia tena, "Usilie, mwanangu. Machozi hukausha maziwa."

Mwatime hakulia. Na maziwa hayakutoka. Mtoto akapewa ya mbuzi, akayacheua, akawa mwepesi hata ukimbeba unajiuliza kama umembeba.

Wanawake wa mtaa wakaja kumwimbia mzazi, kama ilivyo ada. Bi Zuwena, fundi wa kutunga, akaja na wimbo mpya wa kilio. Wenziwe wakamnong'oneza, "Bibi wee, hii nyumba ya mzazi." Hakuwasikiliza, maana yule akishatunga ametunga. Kibibi, mwenye sauti yake, akaimba:

Aliyefiwa si jiwe,
mwacheni atoe...

Hapo sauti ikamkatika. Kibibi alimkumbuka marehemu mamaye, neno la mwisho likamkwama kooni. Kila mtu alijua ni neno gani, na hakuna aliyethubutu kulitamka katika nyumba ile.

Ndipo Bi Mwakombo, yule yule mwenye kukataza, akalimalizia. "Chozi," akasema, na lake likamtoka. Hata yeye alikuwa hajamlilia mwanawe.

Mwatime akamtazama, akalia naye, akalia mpaka akashika ukuta. Kifua kikafunguka. Kanga ikalowa maziwa, mtoto akanyonya, akalala ameshiba.

Siku ya kumpa mtoto jina, Mwatime alisema, "Nawashukuru nyote, na sina cha kuwalipa. Mwanangu yu hai kwa sababu ya chozi lile. Nataka aitwe jina la aliyenitoa chozi."

Bi Zuwena akasema, "Neno ni langu. Bila mtunzi mngelia kwa lipi?"

Kibibi akasema, "Bi Zuwena, neno lako tumelifanyia mazoezi wiki nzima, na hakuna aliyelia. Watu walilia sauti yangu ilipokatika."

Bi Mwakombo akasema, "Mimi simo. Mimi ndiye niliyemfunga, na aliyefunga akifungua hapewi tuzo."

Mwatime akamshika mkono. "Mama, hawa wangeimba hata kukuche. Mimi nilikuwa nangoja ruhusa yako."

  Mtoto yuko mapajani mwa mamaye, ananyonya kwa raha zake, na jina bado hana.

Haya, wenzangu, mpeni jina. Aitwe Zuwena, aitwe Kibibi, au aitwe Mwakombo? Je, chozi lile lilitolewa na nani?