Mgeni Aliyekula Polepole

Paukwa!

— Pakawa!

Aliye mbali na asogee!

— Kasogea!

Aliyesogea na anyamaze!

— Kanyamaza!

Haya. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna, lakini polepole. Utajua kwa nini.

Hapo kale, penye majabali makubwa, waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia. Ila ana wenzake. Pimbi hulala rundo, ubavu kwa ubavu, huyu akimpasha moto yule. Wote walilala hivyo isipokuwa mmoja, Bi Kidawa. Mumewe alichukuliwa na tai, wanawe walihamia majabali ya mbali, na rundo halina desturi ya kuuliza nani hayumo. Bi Kidawa akawa analala peke yake, anakula peke yake. Na mpweke hujifunza kula polepole, maana jani likiisha hana tena cha kufanya mpaka kesho.

Mwaka huo mvua ikagoma. Vidimbwi vya majabalini vikakauka, watoto wa pimbi wakawa wanaramba mawe. Maji yalibaki bwawani kwa Mwinyi Kiboko tu. Na Mwinyi Kiboko, looo! Bwawa lilimtosha yeye na ukoo wake na mifupa ya babu zake, lakini ukinywa tone moja ukingoni, mbuu-hu-hu! anakuja na mdomo wazi.

Wazee wa pimbi wakatuma mjumbe. Akaenda mbio, tipu-tipu-tipu. Akarudi mbio, tipu-tipu-tipu.

"Wamesemaje?"

"Wamenikaribisha vizuri mno. Nimekula, nimeshukuru, nimeagwa."

"Na maji?"

"Maji... hawakuyataja."

Wakatuma wa pili. Tipu-tipu-tipu. Amekula, ameshukuru, ameagwa. Wakatuma wa tatu. Kala, kashukuru, kaagwa. Mate ya watoto yanazidi kukauka.

Hao wajumbe hawakuwa wajinga, msiwacheke. Kwa pimbi, adabu ya mgeni ni moja: ukiandaliwa, onja mara mbili, futa mdomo, sema, "Nimeshiba, Mungu akuzidishie." Anayeonja mara ya tatu, ukoo wake wote husemwa.

"Tumtume Kidawa," akasema mzee mmoja. "Akikosekana, hakuna ubavu utakaopata baridi."

Bi Kidawa alikuwa amekaa palepale, anasikia. Ilimuuma. Akajikung'uta vumbi, akashika njia bila kuaga, kwa kuwa hakuwa na wa kumuaga.

Akafika bwawani asubuhi. "Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba, mgeni. Una shida gani?"

"Watoto wetu wana kiu. Tunaomba maji."

"Tumesikia," akasema Mwinyi Kiboko, na viboko wote wakatoa vichwa, chubwi, chubwi, chubwi, wawe mashahidi. "Kwanza, kula."

Wakamwekea rundo la majani mabichi. Mbele ya Mwinyi nako wakaweka lake, kubwa kama kichuguu. Bi Kidawa akachukua jani moja. Nyam... nyam... nyam. Akachukua la pili.

"Umeshiba, mgeni?" akauliza Mwinyi, upesi kidogo.

Bi Kidawa akainua macho. Tangu mumewe afe, hakuna aliyemuuliza kama amekula, sembuse kama ameshiba. Lile swali likamwingia moyoni, akasahau adabu zote za majabalini, akasema kweli yake.

"Bado, Mwinyi."

Mwinyi Kiboko, aliyekwisha kuinamia rundo lake, akainuka mdomo mtupu. Tumboni mwake mkalia: nguru-nguru-nguru.

Bi Kidawa akamgeukia kiboko kizee aliyekaa kando yake. "Bibi, mbona Mwinyi hali?"

"Mwanangu, kwetu mwenyeji hatii kitu kinywani mpaka mgeni amalize. Na maadamu mgeni anakula, shauri lake liko wazi. Akiacha kula, limefungwa, lijibiwe lisijibiwe. Wenzako waliacha upesi sana."

"Kwetu kuacha upesi ndiyo heshima. Mwinyi anajua hivyo?"

Kile kizee kikatazama maji. "Anajua. Ndiyo maana anapenda sana wageni wa kwenu."

Ahaa! Bi Kidawa akashusha pumzi. Akachukua jani la tatu. Nyam... nyam... nyam.

Siku ya kwanza ikapita. "Umeshiba, mgeni?" "Bado, Mwinyi." Nguru-nguru!

Siku ya pili. "Umeshiba, mgeni? Nitawapa maji ya siku moja." "Bado, Mwinyi." Nguru-nguru-nguru!

Alikuwa na hofu, msidhani. Rundo lilikuwa linapungua, na Mwinyi amekataza lisiongezwe. Siku ya tatu kulipokucha, lilibaki jani moja. Mwinyi akaliona, akacheka mpaka maji yakaruka. "Hilo likiisha, mama, na maneno yameisha!"

Lakini nani alimwambia Mwinyi Kiboko kwamba Bi Kidawa hajui kula jani moja kutwa nzima? Kwake ndiyo yalikuwa maisha. Akalitazama kwanza. Akalinusa. Akatafuna ncha yake, nyam, akatulia. Akamsimulia Mwinyi habari za mumewe, alivyopenda jua la asubuhi. Nyam. Akasimulia habari za wanawe. Nyam. Mwinyi hakuwa na la kufanya ila kusikiliza, huku akiona rundo lake linaanza kunyauka.

Adhuhuri akasema, "Maji ya mwezi mmoja!"

"Bado, Mwinyi."

"Ya mwaka!"

"Bado." Jani limebaki kama ukucha.

Alasiri, tumbo likanguruma mpaka ndege wakaruka mitini. "Chukueni upande wote wa bwawa wenye mawe!" Mwinyi akapiga kelele. "Wenu, na wa wajukuu wenu, daima! Mashahidi mmesikia?"

"Mbuu-hu-hu! Tumesikia!"

Bi Kidawa akameza, akafuta mdomo. "Nimeshiba, Mwinyi. Mungu akuzidishie."

Hakumaliza hata kusema. Mwinyi alikuwa ameshatumbukiza kichwa majanini, fwaaa!

Majabalini wakaimba. Watoto wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Jioni Bi Kidawa akalisogelea rundo, akatafuta penye nafasi. Wazee wakamzuia.

"Hapana, hapana, wewe siye wa kulala hapa tena! Mtu mkubwa!" Wakampa jiwe la heshima, la juu kabisa. Lilikuwa na nafasi ya mmoja.

Walipomwandalia, alikula polepole, akaonja mara ya tatu, na ya nne, wakatazamana. "Amekuwa kama kiboko," wakanong'ona. Alilala juu kule, anawatazama walivyobanana, na baridi ilikuwa kali.

Kulipokucha akateremka bwawani. Mwinyi Kiboko alikuwa anataka kuanza kula. Akamwona, akanuna. Akanuna sana. Kisha kwa pua akamsogezea jani moja.

"Umeshiba, mgeni?"

Bi Kidawa akaketi.

"Bado, Mwinyi."

Mwinyi akaguna, akafunga mdomo, akangoja. Na kesho yake hivyohivyo.

Basi kamba yangu imefika mwisho. Anayetaka ndefu zaidi na asokote yake. Na funzo, watoto, ni hili: ukialikwa kwa watu, kula haraka, shukuru, ondoka, usichoshe wenyeji. Wale wajumbe watatu walifanya hivyo, na wanasifiwa kwa adabu mpaka leo. Hakuna anayewakumbuka majina, lakini wanasifiwa.

Haya, mnaniuliza kama nimeshiba? Bado. Kaeni.