Swala Asiyekimbia

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Hapo kale, Mungu akiwa ndiye huyu huyu wa leo, palikuwa na kijiji cha wawindaji kando ya msitu. Na kijijini humo alikuwako mzee mmoja, Mwinyimvua. Mungu amrehemu, na awarehemu wote tuliowalaza mchangani.

Mzee huyo aliwafundisha wawindaji jambo moja. Ukimwona swala, kabla hujavuta upinde, piga kofi, kiganja kwa kiganja. Pa! Akikimbia, mfuate. Akisimama, rudi nyumbani.

Watu walicheka. Jirani yake, Pazi, mtu wa maneno mengi, alisema, "Mzee wetu, unafukuza kitoweo halafu unakikimbilia? Iko siku utatushibisha makofi!"

"Swala mzima atatuogopa tu, Pazi. Asiyetuogopa ana jambo."

Ukaja mwaka wa njaa. Mahindi yakasinyaa. Na katika mwaka huo mke wa Mzee Mwinyimvua akafa. Siku ya hitima ikakaribia, na nyumbani hakuna kitoweo. Mwanawe, Kibwana, akaapa: "Mama yangu alilisha kijiji kizima. Watu hawatamwombea dua kisha warudi na njaa."

Akaingia msituni asubuhi. Akamkuta swala amesimama peupe. Kichwa chini. Ute unamdondoka, to, to, to. Akaanza kuzunguka pale pale. Anazunguka, anazunguka, mpaka majani yamekufa chini ya kwato zake.

Kibwana akapiga kofi. Pa!

Swala akainua kichwa. Hakukimbia.

Pa!

Swala akamjia. Taratibu. Kwa, kwa, kwa. Akasimama mbele yake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Moyo wa Kibwana ukayeyuka. "Mama ameniombea huko aliko," akasema. "Huyu ameletwa." Akamshika pembe, naye hakupapatika. Akasoma Bismillahi, akachinja. Damu ikatoka polepole, nzito.

Akafika nyumbani. Mbwa, wale waliokuwa wakigombania matumbo kila siku, wakanusa, wakarudi kinyumenyume. Hakuna aliyebweka. Kimya.

Mzee akatoka ndani.

"Mwanangu, ulipiga kofi?"

"Nilipiga, baba."

"Akakimbia?"

Kibwana akafuta damu kwenye kisu chake.

"Nakuuliza, akakimbia?"

"Baba, nimemchinja kwa jina la Mungu. Ni halali."

"Kisu chako sina neno nacho. Neno langu ni kwa mnyama."

Pazi akadakia, "Moto upo, mzee! Tuchemshe mpaka ilainike, tule, tumwombee marehemu."

"Ugonjwa huu siujui, Pazi. Wala sijui kama moto unauweza. Siwezi kuwapa watu waliokuja kumwombea mke wangu kitu nisichokijua."

Kibwana akalia. "Baba, unataka kumwaibisha mama kaburini?"

"Aibu nitaibeba mimi."

Akachukua jembe. Akachimba shimo refu, mbali na kisima. Nyama, ngozi, pembe, matumbo, vyote ndani. Akamwaga majivu, akafukia. Wageni wakanywa uji mtupu, wakasoma dua, wakaondoka wakinong'ona.

Kulipokucha, watu wakatazama. Swala wamelizunguka lile shimo. Wengi. Vichwa chini. Wanazunguka, wanazunguka. To, to, to. Jua lilipopanda wakarudi msituni, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mazikoni.

Sasa sikilizeni. Nyama haikufukiwa yote. Mzee alipokuwa akichimba, Pazi alikuwa ameficha paja chini ya kuni zake. Akalichemsha mpaka likalainika. Akalila peke yake.

Miezi ikapita. Pazi wa maneno mengi akaanza kusahau maneno. Akasahau jina la mkewe. Akasahau njia ya kisimani. Asubuhi moja wakamkuta nyuma ya nyumba yake, kichwa chini, anazunguka, anazunguka. Nyasi zimekufa chini ya miguu yake.

Mzee Mwinyimvua akaitwa. Akasimama mbali kidogo. Akainua mikono.

Pa!

Pazi hakushtuka.

Pa!

Pazi akainua kichwa. Akamjia. Taratibu.

Watu wote wakakimbia. Mzee hakukimbia. Akamkumbatia, akamfuta ute kwa nguo yake. "Pazi, ndugu yangu, nicheke. Nicheke kama zamani."

Pazi hakucheka. Mzee akamwuguza mpaka siku Mungu alipomchukua Pazi, na Kibwana ndiye aliyemchimbia kaburi. Alipomaliza, akaenda akapiga magoti mbele ya baba yake. Mzee akamwekea mkono kichwani.

Wanangu, njaa inauma, na msiba unauma zaidi. Hata hivyo, ukiwa na shaka na nyama, usimlishe mtu, hata kama umeitafuta kwa mapenzi na umeichinja kwa dua. Wawindaji wa kijiji kile mpaka leo hupiga kofi kwanza. Wapita njia huwacheka. Wao humtazama mnyama.

Hadithi yangu naiweka chini hapo, kwenye kofi hilo.