Sauti Iliyoitikia Jina la Edina

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana sweta niliyovaa siku hizo bado ninayo, palikuwa na shule ya sekondari ya wasichana juu ya kilima chenye baridi. Nisikilizeni, na msinikatize, kwa sababu hadithi hii ikikatika katikati huwa naona uchungu kuianza upya.

Shule ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi, saa moja na nusu, tulipanga mstari na kiranja akaita majina. Ukiitwa, unaitikia "Nipo!" naye anakuwekea alama ya vema daftarini. Usipoitikia, umechelewa. Ukichelewa mara ya kwanza, mwalimu wa nidhamu anakuita pembeni na kukuuliza sababu. Kukuuliza tu, basi. Ukifikisha mara tatu, unarudishwa nyumbani ukamlete mzazi.

Hapo penye kuulizwa mpakumbuke.

Kidato cha nne alikuwapo Edina Kilasi. Ndiye aliyetufundisha hesabu wakati wa mapumziko, na alikuwa mkali kuliko mwalimu mwenyewe. Nyumbani alikuwa na mama yake, mjane, na ng'ombe mmoja. Mwaka ule mama alivimba mguu, hata kufika zizini akawa anajikokota. Maziwa sharti yafike kituo cha maziwa, na kituo kilifunguliwa saa moja. Kutoka pale hadi shuleni ni kupanda mlima. Siku nyingine jirani aliwapelekea. Siku jirani aliposhindwa, Edina alibeba dumu mwenyewe.

Mama akamwambia, "Mwanangu, habari za mguu wangu zisifike shuleni. Sitaki watu wakuonee huruma."

Edina akasema, "Sawa, mama."

Ikaja siku ya kwanza ya kuchelewa. Kiranja wetu, Skola Mwinuka, akaita:

"Edina Kilasi!"

Kimya. Vumilia, aliyekaa naye dawati moja, akabana pua akaitikia, "Nipo!" Skola akaweka vema. Edina akafika watu wameshatawanyika kwenye usafi, akashika fagio akafagia kama wengine. Hakuna aliyemwita pembeni. Akadhani kiranja amemhurumia, akamtazama Skola kwa shukrani.

Siku ya pili. "Edina Kilasi!" Pua ikabanwa, "Nipo!" Skola akasita. Yeye na Vumilia waliimba kwaya moja, sauti ile aliijua vizuri. Akaweka vema.

Siku ya tatu. "Edina Kilasi!" "Nipo!" Vema. Siku hiyo mstari mzima ulicheka.

Siku ya nne, baada ya "Nipo!" na baada ya vema, Mwalimu Luvanda, mwalimu wa nidhamu, akasimama mbele yetu na kutangaza kwamba kiranja atakayeficha wachelewaji atavuliwa beji mbele ya shule nzima. Skola akaishika beji yake kifuani. Kabla ya kipindi cha kwanza alikuwa ameshakwenda ofisini na kueleza yote.

Edina akaitwa.

"Mara nne!" Mwalimu Luvanda akasema. "Na udanganyifu juu yake!"

"Mwalimu, naomba niseme..."

"Utasema ukija na mzazi. Toka."

Edina akachukua begi lake akatoka. Mnaona ilivyokuwa? Alirukishwa kutoka mara ya kwanza hadi ya nne, na kule kuulizwa sababu hakukupata.

Sasa angemletaje mzazi asiyeweza kutembea? Akamwambia mama yake kwamba wamepewa likizo ya kujisomea. Mama akaamini, kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma na mtoto alikuwa karibu. Wiki tatu Edina alikamua, alibeba dumu, alipika. Wiki tatu dawati lilikuwa na mtu mmoja, na sisi hesabu zilitushinda. Mpaka mpokea maziwa wa kituoni alipomwambia jirani kwamba Edina haendi tena shule, jirani akamwambia mama, na mama akambana mtoto hadi akasema yote.

Mkuu wa shule, Mwalimu Sanga, alipozipata habari hizo kwa jirani, pamoja na za mguu, akatuma ujumbe haraka: mtoto arudi. Ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu ulianza mtihani wa majaribio. Pale kwetu, asiyefanya majaribio hakuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Jibu la Mama Edina likaja mchana uleule, kwa mdomo wa jirani:

"Mwanangu nitamrudisha. Ila aje mtu mmoja tu, yule aliyemfukuza, aseme kwa kinywa chake. Wakija wengi wataegemeana, na mimi nitakuwa sijasikia kitu. Akija asiyehusika, arudi alikotoka."

Mwalimu Sanga akawaita watu ofisini. Mimi nilikuwa nje nafuta vioo vya dirisha lile, nikasikia kila neno.

Vumilia alianza huku analia. "Niende mimi, mwalimu. Ningenyamaza siku ya kwanza, angeulizwa. Na angeulizwa, angesema, mimi namjua. Nilitaka kumsaidia, kumbe namfungia mlango."

Skola akasema, "Wewe ulimficha, hukumfukuza. Aliyempeleka ofisini ni mimi. Siku ya pili nilikujua kwa sauti. Ningesema siku ile, lingekuwa jambo dogo. Nilisubiri likawa kubwa, kisha nikalisema ili nisivuliwe beji. Niende mimi."

Mwalimu Luvanda alikuwa anatazama viatu vyake. "Hawa ni watoto," akasema. "Neno 'toka' nililitamka mimi. Aliomba kusema, sikumpa nafasi. Lakini kama ningeambiwa ukweli tangu mwanzo..."

"Mwalimu," Mwalimu Sanga akamkatiza, "yule mama hahitaji 'lakini'."

"Basi niende bila 'lakini'," akajibu. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ingawa ni mama huyohuyo aliyemwambia mtoto asiseme."

Wakatoka wote watatu mpaka getini. Vumilia alikuwa na daftari la hesabu kwapani. Skola alikuwa ameshaivua beji, ameifumbata mkononi. Mwalimu Luvanda alikuwa amevaa koti lake la mvua. Mwalimu Sanga akasimama na ufunguo, akawatazama mmoja mmoja. "Mmoja," akasema. Wote watatu wakapiga hatua mbele.

Nami nimewaficha jambo moja, na halinipi raha hata leo. Pale mstarini nilisimama nyuma ya Vumilia. Siku zote nne nilimwona akibana pua. Tulikuwa arobaini, na siku ya tatu tulicheka sote, na kicheko changu kilisikika. Nilijua pia kwamba Edina ananuka maziwa asubuhi. Nilimtania kwa hilo, sikumwuliza. Siku ile ya Ijumaa ningeweza kutupa kitambaa na kwenda getini niwe wa nne. Nikaendelea kufuta kioo kilichokwisha kutakata.

Saa tisa ilikuwa imepita, na kwenda kwa Mama Edina ni mwendo wa saa nzima. Msiniulize kama Edina alirudi. Nijibuni ninyi kwanza, maana nimekwishawauliza wengi na kila mtu ana lake: kati ya aliyeitikia, aliyeweka vema, aliyesema "toka", na sisi tuliocheka, je, nani alistahili kwenda kubisha hodi kwenye mlango ule?