Kichupa cha Mwisho cha Sikudhani

Usinibinulie mdomo kabla sijaanza. Najua unachowaza: bibi wa darasa la saba atajulia wapi mambo ya maabara? Nimeosha vyombo vya maabara miaka kumi na tisa. Wewe uliyesoma umeosha nini? Soma kwanza, ubishi wako utaukuta palepale ulipouacha.

Palikuwa na mtaalamu mmoja, Profesa Rwegoshora, aliyeichunguza saratani ya damu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Binti mmoja mdogo, Sikudhani, alipokufa kwa ugonjwa huo, mama yake alikubali damu ya mwanawe ibaki maabara. Profesa akazikuza seli zake kwenye chupa, akizilisha kama mtu anayefuga vifaranga. Miaka kumi na mmoja akazijaribia dawa, mpaka akapata moja iliyoziua zote. Wakubwa wakapiga makofi. Ikapangwa dawa hiyo ianze kupewa watoto tisa wodini, siku ya Jumatatu.

Kila mwaka, tarehe aliyokufa mwanawe, Mama Sikudhani alikuja na kapu lake na swali moja: "Mwanangu anasemaje?"

Profesa humjibu, "Anatusaidia, mama."

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo, msaidizi wake Eliaichi alipima vinasaba vya zile seli, kukamilisha fomu tu. Akarudi na karatasi ya majibu mkononi.

"Profesa, hizi si za Sikudhani. Ni za mwanamume mzima, na saratani yake ni nyingine."

Wakafunua madaftari ya zamani. Kumbe siku moja, miaka kumi na mmoja nyuma, chupa mbili, ya Sikudhani na ya mgonjwa mwingine, zililishwa kwa mrija mmoja. Jikoni kila mtu anajua, upawa wa chungu cha jirani hauchovywi chunguni mwako. Seli za yule mgeni zilidondokea humo, zikaota kama kwekwe, zikazimaliza za mtoto. Na mwandiko ulikuwa wa Profesa mwenyewe, yeye aliyezoea kufokea watu kwa kosa hilohilo.

Eliaichi akanong'ona, "Tunaojua ni wawili tu."

Tulikuwa watatu. Mwosha vyombo hahesabiwi.

Profesa hajajibu, mlango ukagongwa. Tarehe ilikuwa ileile ya kila mwaka.

"Shikamoo, Profesa. Mwanangu anasemaje?"

"Marahaba, mama. Kaa."

Hakukaa.

"Si yeye," akasema Profesa. "Miaka yote hii nimekuwa nikizungumza na mgeni. Kosa ni la mkono wangu huu."

Eliaichi akamsogezea mama kiti, akidhani ataanguka.

"Na hiyo dawa?"

"Inamuua yule mgeni. Ugonjwa wa Sikudhani, sijui."

"Wangapi wamekwisha kuinywa?"

"Hakuna. Wanaanza Jumatatu."

"Basi mimi umenipotezea miaka. Wao bado. Andika barua ya kuisimamisha, nami nimesimama hapahapa."

Akaandika. Akaituma palepale.

"Na damu yenyewe, uliimaliza?"

"Kimebaki kichupa kimoja, kwenye barafu."

Sote tukajua atakiomba akakizike. Profesa alikwisha inuka kwenda kukileta.

"Unakwenda wapi? Sikuja hapa kuzika mara ya pili. Kifungue, uanze upya."

"Mama, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Mwanangu alipewa miezi minne, na hakuna siku aliyokukatalia sindano."

Akachukua kapu lake. "Mwakani nitakuja kuuliza."

Barua ile ilimvua Profesa mengi. Sherehe ya kumpongeza ikafutwa, picha yake ikashushwa ukutani, msumari ukabaki. Yeye akakiyeyusha kile kichupa, akazilisha seli kwa mrija wa peke yake, Eliaichi pembeni akiandika kila tone.

Alipata dawa? Sijui, na mimi sidanganyi watu. Ninachojua ni kwamba mwaka uliofuata mama alifika na kapu lake.

"Mwanangu anasemaje?"

"Bado hajasema neno, mama," akajibu Profesa. "Lakini sasa ni yeye."

Funzo: Kosa ukilikiri, aibu ni yako peke yako, ukilificha, wataumia watoto wa watu.

Haya, watumie na wenzio, hasa wale wasiokosea. Mimi natoka, na mlango naufunga mwenyewe.