Shule Mbili za Bonde la Mikoche

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, makufuli na majirani wa kusengenya, Bonde la Mikoche lilikuwa na shule moja chakavu. Mwalimu Kasuku alifundisha, watoto wote walisoma, na mvua ikinyesha wote walilowa.

Mfalme Simba akachoka kuiezeka. Akanguruma, "Kuanzia leo elimu ni soko! Atakaye afungue shule, washindane. Mwenye shule yenye wastani wa juu kwenye mtihani atakula mezani kwangu mwaka mzima!"

Mnadhani waliokimbilia ni wajuzi wa kusoma? Thubutu! Fisi akafungua shule moja, Chui akafungua nyingine ng'ambo ya kijito. Kasuku wakamgawana: asubuhi kwa huyu, mchana kwa yule. Kila mtoto akavishwa tai. Mtoto wa Nyoka naye alivishwa, watu wakabaki wakibishana shingo yake inaishia wapi.

Bi Nguchiro, mjane mdogo wa kimo, alilipa ada ya mayai kwa Fisi ili mwanawe Machano asome. Mtoto msikivu, ila hesabu za kugawanya zilimpiga chenga. Mtihani ulipokaribia akarudi nyumbani analia, kwi! kwi! kwi!

"Mama, wamenichuja. Eti nashusha wastani."

"Wamekuchuja? Kwani wewe majani ya chai?"

Bi Nguchiro akatoka mbio hadi kwa Fisi. "Hodi!"

"Karibu, mama mzazi. Kama umefuata ada, hairudishwi."

"Sikufuata ada. Mwanangu hajui kugawanya. Si mumfundishe?"

"Kufundisha?" Fisi akacheka, huu-huu-huiii! "Mama, kufundisha kunachukua muda. Kuchuja ni asubuhi moja!"

Hasira ilimkaba Bi Nguchiro. Angekuwa na meno makubwa angemrarua. Hakuwa nayo. Alikuwa na ulimi.

Kesho yake akarudi kwa Fisi, mpole kama maji ya mtungini. "Mwalimu mkuu, yaliyopita si ndwele. Ila nakuonea huruma. Chui kawachuja wote wa dawati la nyuma. Wastani wake unapaa, fyuuu!"

Masikio ya Fisi yakasimama. Akapiga kengele, ngala! ngala! ngala! Kabla ya uji, nusu ya shule ilikuwa nje ya geti.

Bi Nguchiro huyoo, akavuka kijito. "Shikamoo, mzee Chui."

"Marahaba. Una habari gani?"

"Fisi kafukuza nusu ya shule."

Kwa Fisi alikuwa amedanganya. Kwa Chui hakuwa na haja tena. Chui akaruka, puu! Naye akachuja.

Basi ikawa kwenda na kurudi. Bi Nguchiro akinong'ona huku, watoto wanatoka; akinong'ona kule, wanatoka. Na kila aliyetoka akilia, alimkuta mlangoni kwake. "Nyamaza mwanangu, ingia. Hapa hatuchuji." Kasuku alipoona madarasa karibu matupu, akaruka, akawafuata.

Uani kwa Bi Nguchiro Kasuku alifundisha kugawanya kwa mihogo ya kuchoma: vipande hivi, midomo hii, kila mmoja apate sawa. Machano akaelewa upesi, maana alikuwa na njaa.

Siku moja kabla ya mtihani Fisi alibaki na mwanafunzi mmoja, Digidigi, kichwa kwelikweli.

"Huyu si alikosa swali jana?" Bi Nguchiro akauliza.

"Moja tu!"

"Mh! Wa Chui hakosi hata moja."

"Digidigi!" Fisi akabweka. "Chukua begi lako!"

Kwa Chui alikuwapo Swala pekee, hajapata kukosa. Bi Nguchiro akatikisa kichwa. "Anajua, sikatai. Ila wa Fisi ana mwandiko mzuri zaidi." Chui hakungoja amalize. Swala akatoka na kiti mkononi.

Asubuhi Simba akafika kijitoni na mitihani. Fisi kavaa joho, Chui kavaa joho, wanatazamana kwa vijicho.

"Watoto wako wapi?" Simba akauliza.

"Mfalme, kwangu wamebaki bora tu," Fisi akajibu.

"Wako wapi hao bora?"

"Wa mwisho tulimchuja jana," Fisi akasema.

"Na wewe, Chui?"

"Wangu alikuwa hodari, Mfalme. Ila… mwandiko."

Ndipo zikasikika sauti za watoto kutoka uani kwa Bi Nguchiro. Simba akazifuata, akagawa mitihani, wote wakaifanya. Machano akagawanya mpaka ulimi ukamtoka nje.

"Bi Nguchiro, umeshinda," Simba akasema. "Njoo ule mezani kwangu."

"Ahsante, Mfalme, lakini sisi wadogo tukialikwa mezani kwako, hatujui tumeitwa kula au kuliwa. Ng'oa mageti yale mawili, kila mtoto aingie, na aliyeshindwa ndiye afundishwe kwanza."

Simba akaamuru, mageti yakang'olewa, kacha! kacha! Watoto wakamiminika ndani, Machano mbele. Fisi akakimbia kando yao akihema, "Na ada? Jamani, na ada?" Hakuna aliyegeuka.

Ndiyo maana nawaambia: shule inayofukuza wasiojua imejifukuza yenyewe.