Barakoa ya Nne

Bisha. Nakuambia mapema, bisha ukitaka, nimezoea. Utasema huyu katunga, huyu shule ilimshinda kidato cha pili, atajua nini kuhusu maisha ya watu? Sawa. Lakini kwa kusimulia sina mpinzani kutoka Voi hadi Mombasa, na hata walimu walionifukuza darasani wanalijua hilo. Hii sikuitunga. Soma mpaka chini, usiruke mistari kama ulivyozoea. Ukimaliza na koo lako bado liko sawa, nitafute nikuombe msamaha.

Palikuwa na baba mmoja aitwaye Mwakio, dereva wa trekta katika shamba la mkonge karibu na Voi. Mtu wa maneno machache. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mkewe, Wakesho, aliyefanya usafi katika wodi za hospitali.

Korona ilipoingia, Wakesho hakungoja kuambiwa. Alitoa leso yake nzuri, ile yenye michoro ya korosho nyekundu aliyoletewa siku ya harusi, akaikata kwa mkasi bila huruma, akashona barakoa nne. Moja ya mumewe, moja ya binti yao Mkawasi wa miaka minane, moja ndogo kama kikombe cha kahawa, ya mwana wao Mwadime wa miaka minne, na ya nne yake mwenyewe.

"Mlango huu hakuna anayeuvuka uso wazi," akawaambia. "Hata mimi. Mkiniona natoka bila barakoa, nirudisheni kwa fimbo."

Mwadime akalichukua neno hilo kama sheria ya serikali. Mara mbili mama alijisahau, na mara mbili alirudishwa ndani na kijana wa miaka minne mwenye kijiti cha mwarobaini.

Wakesho akawaahidi jambo. Barabara zikifunguliwa, wataenda Mombasa, walale siku mbili, waende kwenye bustani ya bembea, wapande lile gurudumu kubwa la viti linalozunguka angani mpaka waione Voi kutoka juu. Uongo mtupu, Voi haionekani. Lakini mama akisema inaonekana, inaonekana.

Kisha akaugua. Gari la wagonjwa lilikuja watoto wakiwa kwa jirani. Wahudumu wakamvalisha barakoa ya hospitali, na ile ya korosho ikabaki mezani. Mwakio akaitia mfukoni ampelekee. Hakuruhusiwa kuingia. Siku ya tisa akapigiwa simu.

Walimzika nyumbani kwao mlimani, watu kumi na tano kwa hesabu, wabebaji wamevaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi miguuni. Hakuna kukesha, hakuna kuimba, hakuna wa kukushika bega. Saa moja haikuisha, kila mtu akaambiwa aende kwake. Watoto hawakupelekwa.

Njiani Mwakio aliyapanga maneno ya kuwaambia. Akafika, akamkuta Mwadime mlangoni.

"Mama yuko wapi?"

Mwakio akainama, akamfunga kifungo cha shati.

"Ametangulia," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye bembea. Anatungoja."

Usimcheke. Wewe ungesema nini?

Basi miezi minne Mwadime akawa anauliza swali moja kila asubuhi: "Baba, barabara zimefunguliwa?" Mkawasi hakuuliza kitu. Alifua, alipika uji, alimvalisha mdogo wake. Mwakio akajiambia, afadhali huyu mkubwa, ameridhika.

Desemba akapata likizo, na barabara ya Mombasa ilikuwa wazi. Akapanga kama anavyopanga mistari ya mkonge: siku ya kwanza wacheze, wacheke, washibe; siku ya pili awaketishe awaambie.

Kitu kimoja hakukifikiria. Kwenye lango la bustani ya bembea waliwekewa kipimajoto kwenye paji la uso, wakamwagiwa kitakasa mikono, wakaingia. Ndani, kila mwanamke alikuwa na macho tu. Kuanzia puani kushuka chini, kitambaa. Kwa Mwadime, kila mmoja wao angeweza kuwa mama.

"Tafuteni korosho," akaamuru. "Mama ana korosho kama zangu."

Bisi akakataa. Farasi wa kuzunguka akawapita. Vigari vya kugongana hakuvitazama. Alikimbia kutoka mwanamke hadi mwanamke, anainua uso, anaangalia barakoa, anarudi. "Si huyu." Anakimbia tena. "Si huyu." Mwakio nyuma yake, jasho linamtoka, mkono mfukoni, vidole vimekamata kile kitambaa.

Mama mmoja mwenye barakoa nyekundu aliinama, akamshika mkono.

"Umepotea, baba?"

"Mimi sijapotea," Mwadime akamjibu. "Mama ndiye amepotea."

Wakafika kwenye gurudumu. Kwa sababu ya korona, kiti kimoja kilijazwa na kinachofuata kikaachwa kitupu. Aliyekuwa akiliendesha ni kijana fulani mwenye mdomo mrefu, barakoa iko kidevuni, anatania kila anayepita ili apande.

Mwadime akamvuta suruali. "Anko, umemwona mama? Ana barakoa kama hii."

Kijana hakufikiri hata kidogo. "Mamako? Yuko juu kabisa kule, bosi! Panda haraka kabla hajashuka!"

Mwakio alitaka kusema hapana. Mtoto alikuwa ameshaketi.

Wakapanda. Mabati ya nyumba yakawa madogo, watu wakawa wadogo. Juu kabisa gurudumu likasimama ili wengine wapakiwe chini. Mwadime akajinyanyua, akakanyaga kiti, akaegemea kile chuma cha kuwazuia ili aone vizuri. Mwakio akamdaka shati.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Cha nyuma kitupu.

"Baba, ameshashuka?"

Mwakio akatia mkono mfukoni, akauacha humo.

"Mwambie, baba," Mkawasi akasema.

"Nimwambie nini, mwanangu?"

"Mwonyeshe hiyo iliyo mfukoni."

Upepo ukakitikisa kiti. Mwakio akamtazama binti yake kana kwamba ameketi na mtu mzima asiyemjua.

"Umeijuaje?"

"Niliiona nilipofua suruali yako, siku ya pili uliporudi. Nikaikausha, nikairudisha. Mama haendi mahali bila barakoa yake. Kama iko kwako, basi hajaenda mahali."

"Miezi minne, Mkawasi. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utalia."

"Na wewe ulikuwa unalia wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji. Nikimaliza naosha uso, nakuja kupika."

Mwakio naye alikuwa na mahali pake. Alilia kwenye trekta, injini ikinguruma, katikati ya mkonge, asisikike na mtu. Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja amejificha na kilio chake, na katikati yao mtoto anauliza barabara zimefunguliwa lini.

Akaitoa barakoa. Ilikuwa imepauka kwa kushikwashikwa. Akaiweka mapajani mwa Mwadime.

"Mama alikufa, mwanangu. Nilikudanganya. Nilimzika nyumbani, mlimani. Hayuko hapa, na hatakuja."

Mwadime akaigeuza barakoa upande huu na upande ule. Akazigusa korosho moja moja.

"Kwa hiyo alitoka bila barakoa," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniita nimrudishe?"

Hapo Mwakio alilia. Si kile kilio cha trekta. Alilia hadharani, juu ya mji mzima, barakoa yake ikalowa mpaka akaivuta chini apate pumzi. Mkawasi akamshika mkono mmoja, akaanza naye. Mwadime akaangalia upande mmoja, akaangalia wa pili, akajiunga.

Gurudumu likawashusha. Mwadime akaenda moja kwa moja kwa yule kijana, barakoa mbili mkononi, uso umejaa kamasi.

"Wewe ulisema mama yuko juu. Baba amesema yuko chini, kaburini. Nani muongo?"

Kijana akachuchumaa, akasema, "Mimi, bosi. Mimi ndiye muongo. Nisamehe."

Siku ya pili hawakurudi bustanini. Walirudi nyumbani, wakapanda mlimani penye kaburi, Mwakio akawaita majirani waliokuwa wamezuiwa kuja kuzika, wakaimba zile nyimbo zilizobaki bila kuimbwa. Safari hii watoto walikaa mbele kabisa. Mwadime alichomeka kijiti cha mwarobaini pale kaburini, akakifungia ile barakoa ya nne.

Sasa bisha tena.

Huwezi, eh? Basi nikwambie mwenyewe mahali ambapo ungepaswa kubisha. Nimesema kijana alichuchumaa akaomba msamaha. Hakuchuchumaa. Mtoto alimuuliza nani muongo, na kijana akageuka, akajifanya anakaza nati iliyokuwa imekazwa tangu asubuhi. Mtoto akasubiri. Akasubiri sana, kwa mtoto. Dada yake ndiye aliyekuja kumwondoa.

Nayajua hayo kwa sababu hakuna "kijana fulani". Ni mimi. Ya juu ya gurudumu nimesimuliwa na Mwakio mwaka uliofuata, nilipopata nguvu za kwenda Voi kumtafuta kwa jina aliloliacha kwenye daftari la langoni. Hakunitukana. Alinipa uji. Mwadime alikuwa ameshaanza shule, hakunikumbuka kabisa, akaniuliza kama najua kupanda mti. Nikamwambia hakuna anayenishinda. Lile jibu la "nani muongo" nilikuwa nimelibeba njia nzima, na nikarudi nalo Mombasa.

Funzo: Ukimficha mtoto msiba hujamwondolea kilio, umemwondolea wa kulia naye, na wewe mwenye mdomo mwepesi kama wangu, kabla hujamtania mtu, muulize kwanza anatafuta nini.