Kindi, Ngiri na Maji ya Mwarobaini

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na shamba, shambani kunde, kwenye kunde Bi Kindi na wanawe.
Haya, tupe, twasikia.

Bi Kindi alipanda kunde apate kuwalisha watoto. Kunde zikaota, zikatambaa, zikatoa maua. Wakaja vidukari, wale wadudu weusi wa kufyonza majani. Nyu, nyu, nyu, wakafyonza. Kindi akachuma majani ya mwarobaini, akatwanga kinuni, tu, tu, tu. Akaloweka, akachuja. Akachovya mkia wake chunguni, akanyunyizia mikunde, chwa, chwa, chwa. Vidukari wakapukutika.

Akaja Ngiri, mwenye meno ya kupinda na tumbo lisilotosheka. Mguuni alikuwa na kidonda cha mwiba, kinatoa usaha.

"Kindi, kunde hizi zangu."

"Sawa, Mzee. Ila nimezitia dawa."

"Mwongo wewe. Hicho ulichoshika kina nini?"

"Chungu, Mzee."

"Naona ni chungu. Nauliza kilichomo."

"Kilichomo ndicho chungu."

Kindi alimjua Ngiri: ukimwambia mto umejaa, ndipo atakapovuka. Akakikumbatia chungu kifuani.

"Usinywe, Mzee, nakusihi. Ni chungu kuliko nyongo."

"Mbona unakikumbatia? Supu hiyo."

Akampokonya, akagida, gubu, gubu, gubu. Macho yakamtoka. Chungu kikamponyoka, maji yakamwagikia mguu wenye kidonda. Akang'ata jani la kunde apate kusafisha kinywa: uchungu. Akang'ata jingine: uchungu.

"Kunde gani hizi?"

"Nilikuambia, Mzee."

Ngiri akaenda zake akitema, ptu, ptu, ptu.

Mvua ikanyesha, ikayaosha majani. Kindi akachuma, akapika, watoto wakala hadi wakasinzia wakitafuna.

Siku zikapita, Ngiri akarudi. Safari hii alisimama mpakani. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka.

"Bi Kindi, naomba yale maji kidogo. Ya kuoshea mguu tu, si ya kunywa."

Kindi akamchujia. Ngiri akaosha mguu, akashukuru, akaondoka bila kugusa hata jani.

Hadithi yangu imefika kwao; anayetaka kuibeba aibebe, anayetaka kuiacha aiache hapa hapa. Na funzo lake, wanangu, ni kwamba kusema kweli hakuna faida. Kindi alisema kweli tupu, na wala hakuaminiwa.